Ayi kaniangalia ulimi, kasema nina unyevu. Nimtumie mama hii chai?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mtu wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa nne hapa Guangzhou. Kazi yangu ni kuwatafutia watu mizigo: vitambaa, mabegi, taa za ukutani. Mchana nazunguka masoko, usiku nakaa na simu nikijibu wateja wa nyumbani mpaka saa saba, maana huko kwenu ndiyo kwanza saa mbili. Chakula cha maana nakula saa sita usiku, kinaletwa na kijana wa pikipiki, na mchana kutwa nashikilia chai ya maziwa yenye barafu. Chumba changu kiko karibu na Xiaobei, ghorofa ya pili, dirisha linatazamana na ukuta wa jirani.

Mwezi wa tatu, zile siku ambazo kuta za huku hutoa jasho na nguo haikauki hata ukiianika siku nne, nilianza kujisikia mzito. Si homa, si mafua. Naamka kama sikulala, kichwa kama kimefungwa kilemba kilicholowa, tumbo limejaa hata sijala. Mama mwenye nyumba wetu, bibi wa Kikantoni tunayemwita Ayi, akanikuta nimekaa kwenye ngazi. Akanishika kidevu kama mtoto, akaniambia nitoe ulimi. Akatikisa kichwa, akasema neno ambalo nimelisikia mara mia hapa: shiqi. Eti nina unyevu mwingi mwilini. Akanipa kioo nijionee. Kweli, ulimi umevimba kidogo, pembeni una alama za meno kama ukingo wa sambusa uliobanwa kwa vidole, na juu una utando mweupe.

Jioni akaniletea bakuli la maji ya maharage mekundu na mbegu fulani nyeupe. Nilikunywa wiki nzima, sikudhurika wala sikuona muujiza. Ndipo rafiki yangu akaniambia najisumbua na masufuria bure. Akaniagizia kwenye simu chai ya vifuko, pakiti ina picha ya tumbo bapa na maneno ya kuondoa unyevu. Hii ndiyo yenye nguvu, Shangazi. Asubuhi naenda chooni mara tatu, maji matupu. Nimepungua kilo 3 kwa wiki tatu, uso umenywea. Rafiki anasema huo ndio unyevu unatoka. Lakini mchana miguu inatetemeka, na juzi nilipopanda ngazi za soko moyo ulinidunda ovyo mpaka nikashika ukuta. Nikiacha siku mbili choo kinagoma kabisa, kwa hiyo narudia.

Sasa yaliyonifanya nikuandikie. Mama yangu yuko Tanga, ana miaka 63 na presha. Tangu mwaka jana miguu yake inavimba jioni, ukibonyeza kifundo cha mguu kidole kinaacha shimo. Nilipomsimulia habari za unyevu akasema, "Basi na mimi ndio huohuo, nitumie." Kuna mtu anarudi mwisho wa mwezi. Mdogo wangu amenipigia picha vidonge vyake, vimeandikwa amlodipine 10, anameza kimoja kila siku. Halafu wifi yangu ameona picha zangu nilivyopungua, anataka pakiti 200 auze Kariakoo kama chai ya kukata tumbo. Mume wangu, ambaye alikuja mwezi wa pili akakaa nami wiki mbili kisha akarudi Dar, anasema dawa za Wachina ni uongo mtupu, nitupe zote. Na Ayi mwenyewe alipoiona ile pakiti alinuna, akasema kitu kwa Kikantoni nisichokielewa.

Nyuma ya pakiti simu imenisomea hivi: heye, juemingzi, fuling, fanxieye, shanzha, gancao. Ayi pia alinipa vichupa vya huoxiang zhengqi, sijavigusa kwa sababu vinanuka kama pombe na mimi ni Mwislamu. Nisaidie.

Mzito wa Guangzhou

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na fanxieye, mengine yatasubiri. Hilo jani unalijua tangu utoto: ni sanamaki. Ile ile ambayo bibi zetu walituchemshia shule zikifungwa, tukashinda nusu siku tunapokezana mlango wa choo. Wachina wenyewe hawakuficha kitu, kwa maana jina lake kwa tafsiri ya moja kwa moja ni jani la kigeni la kuharisha. Juemingzi nazo ni mbegu za mmea wa ukoo huohuo wa sanamaki, nazo hulegeza choo. Kwa hiyo umekuwa ukinywa dawa mbili za kuharisha ndani ya kifuko kimoja, kila siku, kwa wiki tatu.

Kinachotoka asubuhi si unyevu. Ni maji yako na chumvi zako, na hasa potasiamu, ambayo misuli na moyo haviwezi kufanya kazi sawasawa bila hiyo. Miguu kutetemeka na moyo kudunda ovyo ndivyo potasiamu inavyolalamika ikipungua. Na tazama cha mwisho kwenye orodha, gancao. Huo ni urukususu, ule mzizi mtamu. Ukinywewa kwa wingi na kwa muda mrefu nao hushusha potasiamu na kupandisha presha. Choo kinachogoma ukiacha ndiyo dalili kwamba utumbo umeshazoea kuchapwa.

Acha leo. Usipunguze kidogokidogo, acha. Kesho nenda hospitali na pakiti yenyewe mkononi, waambie umekuwa ukinywa fanxieye kwa wiki tatu na moyo umekudunda. Wakupime potasiamu, figo, damu, tezi ya shingo, na wakutazame mapigo ya moyo kwa mashine. Ukidundwa tena kabla ya kesho, au ukahisi kuzirai, usisubiri asubuhi. Choo kitachukua siku kadhaa kurudi. Kunywa maji, kula papai na mboga za majani, tembea, na usikiogope.

Jambo moja zaidi. Umeniandikia kila kitu, mpaka cha chooni, lakini hukuniandikia habari za hedhi. Mumeo alikuja mwezi wa pili, uchovu ukaanza mwezi wa tatu. Pengine si hivyo. Lakini kipimo cha mkojo kinauzwa kila duka la dawa hapo mtaani kwako, na nataka ukipime kabla hujanywa tena kitu chochote cha mitishamba, hata lile bakuli la Ayi. Sababu nitaieleza.

Sasa huo unyevu wenyewe. Nilisoma famasia Guangzhou, nikakaa huko miaka mitano, na mwaka wa kwanza nilikuwa na mawazo kama ya mumeo. Mwalimu akisema shi, yaani unyevu, mimi na mwenzangu wa Mombasa tunatazamana tunacheka. Mpaka siku moja nikajiuliza ninachekea nini, ilhali nyanya yangu alikuwa akiumwa magoti anasema ana baridi yabisi, na yabisi ni ukavu. Waganga wetu wa pwani waliorithi tiba ya Kiarabu walipanga maradhi na vyakula kwa hari na baridi, kwa yabisi na rutuba. Ukila samaki huyu ongeza pilipili manga, ukinywa dafu usilale nalo. Wachina nao wana hesabu yao. Mwili huingiliwa na mambo sita ya hali ya hewa, yaani upepo, baridi, joto la kiangazi, unyevu, ukavu na moto. Katika hayo sita, unyevu una tabia ya kunata. Ukiingia hautoki upesi, unazama, na kila unachokigusa kinakuwa kizito. Ndiyo maana wanataja kichwa kilichofungwa kitambaa, miguu mizito, tumbo kujaa, choo chenye kunata, ulimi uliovimba ukabanwa na meno. Ulivyonieleza wewe, kilemba kilicholowa na yote, ni kama umenakili daftari langu la mwaka wa pili.

Anayelaumiwa ni pi, ambayo vitabu huitafsiri kuwa bandama. Usishtuke, hawamaanishi bandama inayovimba kwa malaria ya muda mrefu. Kwao pi ni kama jiko la mwili, linalopokea chakula na kukigeuza nguvu. Jiko likikosa moto, chakula kinabaki majimaji, na hayo majimaji ndiyo unyevu wa ndani. Vinavyolizima ni vitu vya baridi, vya mafuta mengi, vya sukari, kula usiku na kukaa kitako. Rudia kusoma aya ya kwanza ya barua yako.

Na unyevu wa nje, huo hauhitaji falsafa. Guangzhou hupata mvua zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na kila majira ya kuchipua hewa ya joto iliyojaa maji hutoka Bahari ya Kusini ya China ikakuta majengo bado yana ubaridi wa kipupwe. Matone ya maji yanatanda ukutani kama kwenye chupa ya soda iliyotolewa frijini. Wenyewe wanaita huinantian. Kosa ambalo sisi wageni sote hulifanya ni kufungua madirisha ili chumba "kipate hewa", kumbe ndiyo unakaribisha maji ndani. Siku hizo funga madirisha, washa kiyoyozi kwenye sehemu ya kukausha hewa, na ukiweza nunua mashine ya kunyonya unyevu. Mimi yangu ilikuwa ndogo kama ndoo, na usiku mmoja tu ilijaza lita mbili. Chumba chako kinachotazama ukuta, nina hakika ukivuta kabati utakuta ukungu mweusi nyuma yake. Ukungu huo peke yake unaweza kukuamsha na kichwa kizito, na hakuna chai inayoufuta. Unafutwa kwa dawa ya madoa na kitambaa, ukiwa umeziba pua.

Kwa sababu ya hali hiyo ya hewa, watu wa Guangdong wamefanya chai za mitishamba kuwa sehemu ya mtaa. Umeviona vile vibanda vyenye mabirika makubwa ya shaba. Chai zao huitwa liangcha, yaani chai ya kupoza. Jina maarufu kuliko yote, Wang Laoji, lilianzia hapohapo Guangzhou mwaka 1828, na mwaka 2006 serikali ya China iliiweka liangcha kwenye orodha yake ya kwanza ya urithi wa utamaduni wa taifa. Mimi mara yangu ya kwanza nilichagua ile ya majani ishirini na nne kwa kuvutiwa na jina. Mwanangu, nilidhani nimepewa mwarobaini uliochemshwa mara tatu. Muuzaji alicheka mpaka akanipa kipande cha tunda kavu bure. Niliyoipenda ni ya maua matano, ambayo mara nyingi ndani yake kuna ua la mumian, mti wa ukoo wa msufi ambao ndio ua la jiji la Guangzhou. Mwezi wa tatu maua mekundu mazito kama kikombe cha kahawa yanaanguka njiani, na akina mama kama Ayi wako wanayaokota kwa mifuko, wanayaanika juu ya magazeti ukingoni mwa barabara.

Lakini hapa ndipo wageni wanapopotea. Liangcha ni ya baridi. Wenyewe wanaigawa hali yako kwanza, kama ni unyevu wa joto au wa baridi. Wa joto una utando wa njano, mdomo mchungu, chunusi, mkojo mzito. Wa baridi una utando mweupe, mikono baridi, tumbo jepesi kuharisha. Ulimi wako ni mweupe. Bibi wa Kikantoni hawezi kumpa mtu mwenye ulimi kama huo chai ya kupoza, wala mwenye hedhi, wala aliyejifungua juzi. Alikupa maharage na mbegu. Na nadhani najua alichosema alipoinunia ile pakiti, kwa sababu nimewasikia wengi wakisema hivyohivyo: hii inaumiza pi. Kwa hesabu yao wenyewe, jani chungu la baridi linaloharisha linazima lile jiko, na jiko likizimika unyevu unaongezeka. Kwa hiyo mwambie mumeo kwamba mimi, yeye na Ayi tumekubaliana kuhusu pakiti hiyo, ingawa kila mtu kwa njia yake.

Lile bakuli lenyewe ni chakula zaidi kuliko dawa. Mbegu nyeupe ni yimi. Mmea wake unaota hata Afrika Mashariki kandokando ya maji. Mbegu zake zikiwa na ganda gumu hutungwa zikafanywa shanga na tasbihi. Wachina huiona kuwa ya ubaridi kidogo, kwa hiyo mtu mwenye ulimi mweupe huikaanga kwanza kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, moto mdogo, mpaka igeuke njano na kunukia bisi. Simama hapo hapo uikoroge, inaungua ghafla. Na ndiyo hii niliyosema ungojee kipimo: kwa mila yao mjamzito hapewi yimi.

Maharage ni chixiaodou. Ni membamba, marefu kidogo, yana mstari mweupe ubavuni. Yale ya mviringo yanayowekwa kwenye vitu vitamu ni ndugu zake, nayo hutumika zaidi kwa chakula. Lakini ukikuta sokoni punje ngumu yenye rangi mbili, nyekundu na jicho jeusi, usiitie mfukoni wala jikoni. Hiyo ni tipitipi, ile ya shanga, na ni sumu ya kuua mtu.

Loweka gramu 30 za maharage usiku kucha. Asubuhi yaweke kwenye lita moja na nusu ya maji pamoja na gramu 30 za yimi uliyokaanga, chemsha, kisha acha itokote taratibu kama saa moja mpaka maharage yapasuke. Dakika kumi na tano za mwisho tia vipande vitatu vya tangawizi na ganda moja la chenpi. Usitie sukari, maana hapo utakuwa unajenga na kubomoa. Kunywa maji yake, kula na punje zake, mara mbili au tatu kwa wiki, asubuhi, badala ya kile kikombe cha barafu. Sikuahidi kwamba itakuponya uchovu. Faida ninayoiamini zaidi ni hiyo ya badala.

Chenpi ndiyo ninayoikumbuka kuliko yote. Ni ganda la chenza lililokaushwa na kuhifadhiwa, na la kweli ni la Xinhui, hapo kusini-magharibi mwa Guangzhou, lililokaa si chini ya miaka mitatu. Jinsi linavyozeeka ndivyo linavyokuwa jeusi na ghali, mpaka watu huwapa mabinti zao kopo la chenpi wanapowaoza. Lipya lina harufu kali ya mafuta ya chenza. Likikaa, harufu inageuka, inafanana na sanduku la mbao la bibi lenye udi. Ukinunua, vunja kipande unuse. Linalonuka ukungu kama chumba chako, achana nalo hata akwambie lina miaka 30. Kuna na fuling, ambayo imo kwenye pakiti yako na haina hatia, kuvu inayoota kwenye mizizi ya misonobari, ladha yake kama chaki. Na siku ukiwa na hamu ya nyumbani, kwenye duka la dawa za asili ulizia bai biandou, utacheka. Ni fiwi. Fiwi nyeupe, ndugu wa ile njahi nyeusi ya Wakikuyu, wanaipika uji kwa ajili ya unyevu wa kiangazi. Iive sana tu, mbichi inadhuru.

Mama yako sasa. Hapa mwanangu weka kabisa habari za unyevu pembeni. Amlodipine, na hasa miligramu 10, inajulikana kwa kuvimbisha miguu, na wanawake zaidi. Inatanua mishipa midogo, maji yanachuruzika kwenye nyama za mguu, jioni kidole kinaacha shimo. Uvimbe wa namna hiyo hata vidonge vya kukojoza huwa havifui dafu kwake, seuze chai ya maharage. Na pakiti yako yenye urukususu ingempandishia presha ileile anayoimezea dawa.

Asiache kidonge kwa uamuzi wake. Mdogo wako ampeleke kliniki yake ya presha na aseme wazi: miguu inavimba tangu mwaka jana, je, ni dawa? Daktari anaweza kumpunguzia au kumchanganyia dawa ya aina nyingine, na uvimbe ukashuka. Lakini kabla ya kuilaumu dawa wampime mkojo kama una protini, figo, na moyo, kwa sababu miguu ya mtu wa miaka 63 ina sababu nyingi za kuvimba. Kama anashindwa kupumua akilala chali, au mkojo una povu kama la sabuni, au mguu mmoja tu umevimba na unauma, hiyo si ya kusubiri tarehe ya kliniki.

Wifi ni mfupi kumjibu, ila nitamrefushia kwa makusudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Brussels huko Ubelgiji, wanawake walikwenda kliniki kupunguza unene wakapewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmoja uliokusudiwa ni fangji, ambao kwa tiba ya Kichina kazi yake ni hiyohiyo, kutoa maji na unyevu. Kwenye magunia ulikuja mwingine wenye jina linalofanana, guangfangji, ambao una asidi ya aristoloki. Figo za wanawake hao zilikufa, si kwa wiki, kwa miezi. Madaktari walichapisha habari hiyo mwaka 1993, na walioathirika walifika zaidi ya 100. Baadaye wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. China yenyewe iliiondoa guanmutong, mmea mwingine wenye asidi hiyo, mwaka 2003, na guangfangji mwaka uliofuata. Majina mawili yanayofanana, basi. Sasa wifi yako Kariakoo, pakiti 200 zisizosomeka, nani atajua kilichomo?

Na wakati mwingine kilichomo hakijaandikwa kabisa. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekuta mara nyingi chai na vidonge vya kupunguza unene vimetiwa sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni mwaka 2010 kwa sababu ya mioyo na viharusi. Nayo hudundisha moyo. Kwa hiyo sitaapa kwamba kilichokushikisha ukuta ni sanamaki peke yake. Bidhaa inayouzwa nyumbani kwa madai ya kutibu itamkutanisha na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mwambie shangazi amekataa, lawama nibebe mimi.

Vile vichupa vya Ayi, pua yako haikukosea. Huoxiang zhengqi ya maji, ile iitwayo shui, ina pombe kati ya asilimia 40 na 50. Ipo nyingine ya kunywa iitwayo koufuye isiyo na pombe, muulize mfamasia akuonyeshe neno hilo kwenye boksi. Ile ya pombe hata asiye Mwislamu asiichanganye na antibayotiki kama sefalosporini au metronidazoli. Mtu anageuka mwekundu, presha inashuka, anakimbizwa hospitali. Mrudishie Ayi kwa mikono miwili, umwambie dini haikuruhusu. Ataelewa, hapo mjini kuna msikiti wa Huaisheng tangu zama.

Huyo mtu anayerudi mwisho wa mwezi asiondoke mikono mitupu. Mpe kipima presha, kile cha kufunga mkono wa juu, si cha kifundo cha mkono, na ukanda wenye ukubwa wa mkono wa mama. Mdogo wako ampime asubuhi kabla ya kidonge na jioni, kwa siku saba, aandike kwenye daftari, na daftari liende naye kliniki. Kama begi lina nafasi, tia na chenpi kidogo kwa ajili ya supu. Na wewe niandikie majibu ya kipimo, cha hospitali na kile kingine.

Shangazi